PANYA AMESEMA, LAKINI NANI AMEMSIKILIZA HADI MWISHO?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo ambao haukwisha. Hoja ilikuwa kwamba wanyama wasitumiwe katika maabara. Watetezi na wapinzani walirushiana maneno hadi kengele ikalia, na sisi wa shule ya kutwa tunajua kengele hiyo ikilia ni mbio hadi stejini. Sikupata nafasi ya kusema, kwa hivyo nasema hapa. Mimi naunga mkono panya atumiwe pale ambapo hakuna njia nyingine. Ninachopinga ni jambo ambalo hakuna aliyelitaja siku hiyo, nalo ni kumtia panya upofu kisha kubeba nusu tu ya jibu lake.

Chukua mfano wa mtoto wa jicho. Nyuma ya mboni kuna lenzi, na ndani ya lenzi mna protini zilizopangika vizuri hata mwanga hupita kama kwenye kioo. Protini hizo zikiharibika lenzi huingia ukungu. Hebu fikiria ute wa yai linapotiwa kikaangoni: ulikuwa maangavu kama maji, sasa ni mweupe, wala hakuna fundi wa kuurudisha ulivyokuwa. Uzee ndio chanzo kikubwa, ingawa kisukari, sigara na jua kali pia huchangia. Ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kupofusha watu ulimwenguni. Basi maadamu yai lililokaangwa haliwi bichi tena, wanasayansi wakaona heri watafute namna ya kuchelewesha moto wenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba, nasi tumeimba methali hiyo tangu shule ya msingi.

Wakageukia mimea, kwa sababu mingi ina viambato vinavyopambana na uharibifu uletwao na oksijeni mwilini. Lakini ya binadamu huchukua miongo ya miaka kutokea, na hakuna mtafiti wa kungojea hayo yote. Ndipo panya anapoingia. Kitoto chake, kabla hata hakijafumbua macho, hudungwa kemikali iitwayo selenaiti, na kwa siku chache tu lenzi yake huwa nyeupe katikati. Njia nyingine ni kumlisha sukari ya galaktosi kwa wingi. Kimeng'enya kimoja huigeuza sukari hiyo kuwa kitu kisichoweza kutoka ndani ya lenzi, kitu hicho huvuta maji, lenzi inavimba na kuingia ukungu. Kundi moja hupewa sumu peke yake, kundi jingine hupewa sumu pamoja na mmea, na la tatu huachwa salama ili kulinganisha. Mwishoni panya huuawa, na lenzi zao hutolewa zikapimwa. Nayasema haya waziwazi kwa sababu katika mdahalo wetu kila mtu alitaja neno "utafiti" kana kwamba panya hurudi nyumbani jioni.

Matokeo yanavutia, sikatai. Mwaka 2002 watafiti wa mjini New Delhi, India, walitoa habari kwamba chai ya kijani iliwakinga panya waliodungwa selenaiti. Mmea wenyewe ni huu huu unaovunwa Kericho na Limuru, tofauti ni jinsi majani yanavyotayarishwa. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walieleza jinsi matone ya maji ya kitunguu yalivyozuia ukungu katika macho ya panya.

Lakini utafiti unaonikosesha usingizi ni wa Hyderabad, India, uliochapishwa mwaka 2003. Panya walilishwa galaktosi, na baadhi yao wakaongezewa kurkumini, ile rangi iliyomo ndani ya manjano tunayotia mchuzini. Waliopewa kidogo, asilimia 0.002 ya chakula, walichelewa kupata ugonjwa. Waliopewa asilimia 0.01, yaani mara tano zaidi, ugonjwa wao ulichelewa kidogo kuanza, lakini ukakomaa upesi kuliko wa wenzao ambao hawakuonja kurkumini kabisa. Soma tena sentensi hiyo, tafadhali. Kitu kile kile kilikinga kikiwa kidogo, na kikaharakisha kilipozidi. Sasa niambie, ni nani katika kijiko cha manjano cha jikoni kwao anaweza kupima asilimia 0.002? Panya alitoa majibu mawili, moja likapelekwa sokoni na la pili likabaki kabatini.

Isitoshe, panya si binadamu. Kitoto cha panya kimetiwa sumu juzi, ilhali mzee wetu ameharibika lenzi polepole kwa miaka arobaini. Vitamini C na E nazo zilikuwa zimesifiwa kwa kazi yake katika lenzi za wanyama. Zilipojaribiwa, pamoja na beta-karotini, kwa watu zaidi ya 4,000 huko Marekani waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa, majibu yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vidonge hivyo havikuzuia mtoto wa jicho.

Mtu ataniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa kidato cha tatu? Yananihusu mimi. Nyanya yangu mzaa mama alipoanza kuona ukungu, muuzaji mmoja wa dawa sokoni alimwambia ati Wazungu wamethibitisha kwamba kitunguu huondoa mtoto wa jicho. Wazungu gani, jamani, wakati ni Wairani! Tena panya wale walikingwa, hawakuponywa; hakuna aliyekuwa na lenzi nyeupe ikarudi kuwa safi. Nyanya hakuambiwa hayo. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alikamua kitunguu na kujitia jicho la kulia kwa wiki kadhaa, kwa kitambaa alichofungia pesa. Jicho likapata kidonda kwenye kioo cha mbele, na kilipopona kikaacha kovu. Daktari alisema kubadilisha lenzi ya jicho hilo hakutafaa kitu, maana mlango wenyewe umezibwa. La kushoto lilipasuliwa, na leo anahesabu chenji kunishinda. Angekuwa na mawili.

Kwa hivyo nikirudi kwa wenzangu waliosema wanyama waachwe kabisa, nawapa haki mahali pamoja. Lenzi ya plastiki aliyowekewa nyanya haikuanzia kwa panya. Harold Ridley, daktari wa London, aliwatazama marubani wa vita waliorukiwa na vipande vya plastiki ya ndege machoni, akaona vipande hivyo havikuwadhuru kama alivyotazamia, na mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza. Vilevile kuna watafiti wanaoanza na lenzi za mbuzi kutoka machinjioni, wakiziweka katika sukari nyingi pamoja na majimaji ya mmea. Mbuzi huyo amekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, na sisi macho yake huwa tunayatupa au tunayatia katika supu ya kichwa! Mmea usiofaulu hapo usimfikie panya aliye hai. Sheria yetu ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, tayari inamtaka mtafiti awe na leseni. Ningependa leseni hiyo idai pia aonyeshe kwamba alianza machinjioni.

Na ukipita mtihani wa mbuzi, ukapita na wa panya, bado haujawa dawa. Kufikia leo hakuna mmea uliothibitishwa kumkinga binadamu na mtoto wa jicho, na aliyekwisha kuupata hutibiwa kwa upasuaji tu. Anayetangaza mmea sokoni au redioni aulizwe mambo matatu: ni mnyama gani, kiasi gani, na waliopewa zaidi walikuwaje. Akikosa la kujibu, mshike mzee wako mkono umpeleke kliniki ya macho, huku macho yote mawili yakiwa bado hayajatiwa kitu.