Pikapu Isiyobeba

Nina ugomvi na mfuniko. Nausema ule mfuniko wa vipande vya alumini unaofunika nyuma ya pikapu za dabo kebini, unaoteleza juu ya reli mbili na kujikunja ndani ya kisanduku kilichofungwa nyuma ya kioo cha kebini. Wauzaji wanaupamba kwa majina mengi. Mimi nauita shata, kama ile ya mlango wa duka, kwa sababu kazi yake ni ileile: shata ikishuka, duka limefungwa.

Hoja yangu ni fupi. Pikapu ilitengenezwa ibebe kitu ambacho gari dogo haliwezi kubeba. Ukiifupisha nyuma ili kebini iwe ndefu, kisha ukafunga juu yake mfuniko usioondoka, umebaki na buti. Buti si dhambi. Lakini buti lenye bei ya pikapu, linalokunywa mafuta ya pikapu, na ambalo mara nyingi limenunuliwa kwa fedha za umma kwa jina la "kazi za vijijini", hilo lazima tulizungumze.

Tuanze na vipimo, maana vipimo havina itikadi. Nyuma ya dabo kebini ya kawaida, tuseme Toyota Hilux, ina urefu wa mita 1.5 hivi. Singo kebini ya gari hilohilo ina mita 2.3 hivi. Pikipiki ya kazi, iwe Boxer ya bodaboda au Honda XL ya afisa ugani, ina urefu wa karibu mita 2 na kimo kinachozidi mita 1. Zile za magurudumu manne wanazoendesha watalii kwenye mchanga nazo zinakaribia mita 2, na upana wake unazidi mita 1. Sasa toa sentimita 20 au 30 zinazoliwa na kisanduku cha shata. Kumbuka pia kwamba shata yenyewe inapita nusu mita tu juu ya sakafu. Hapo hakuna pikipiki inayoingia na kufunikwa. Ama ufungue kila kitu na kulaza mlango wa nyuma, huku gurudumu likining'inia nje, ama uiache pikipiki ulikoikuta.

Na hata ukifungua kila kitu, bado kuna suala la kamba. Aliyewahi kupakia pikipiki anajua kuwa kuipandisha ni nusu tu ya kazi. Unatafuta tuta au kingo ya barabara ili gari liwe chini kidogo, unaweka ubao imara, watu wawili wanasukuma na wa tatu anashika usukani. Gurudumu la mbele linagota ukuta wa kebini. Unaingiza gia ya kwanza, unafunga mafuta, kisha unafunga kamba kutoka kwenye usukani kwenda kulia na kushoto, ukivuta mpaka shokapu za mbele zibonyee. Stendi peke yake haitoshi. Shimo la kwanza tu barabarani litakulazia pikipiki. Pikapu za zamani za singo kebini zina ndoano za kamba kwa nje, pande zote mbili, kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Dabo kebini za kifahari hazina. Na pale juu ya kingo, ambapo mtu angepitisha kamba, ndipo reli za shata zilipolala. Ukikaza kamba juu yake unaipinda, na reli ikipinda shata haifunguki tena.

Kaka yangu ni afisa ugani. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kwa pikipiki, katika wilaya ambayo sitaitaja, kwenye njia ambazo masika huzigeuza kuwa mito. Mwaka juzi pikipiki ilimkatikia mnyororo ukapasua kifuniko cha injini, kilomita zaidi ya 30 kutoka mjini. Akapiga simu ofisini. Pikapu ikaja, nyeupe, dabo kebini, na shata yake. Dereva, mtu mzima aliyekwisha kuhudumu miaka mingi, akashuka, akazunguka nyuma, akavuta. Vumbi la kiangazi lilikuwa limejaa kwenye reli; shata ilifunguka robo ikagoma. "Mdogo wangu," alisema, "hii hata ingefunguka, pikipiki yako haiingii." Wakaenda na mtu, wakaiacha pikipiki kwenye kibanda cha muuza nyanya. Siku ya tatu ilipofuatwa kwa Canter ya kukodi, betri haikuwepo wala kabureta. Kaka alitakiwa kuandika maelezo ya kwa nini amezembea mali ya ofisi. Yule aliyeagiza gari lisiloweza kubeba pikipiki za ofisi yake mwenyewe hakutakiwa kuandika chochote.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na ilifanya vizuri, kwa sababu afisa asiye na usafiri ni jina tu kwenye orodha ya mishahara. Lakini pikipiki za kazi ya porini huharibika, tena huharibikia huko porini. Ofisi inayomiliki pikipiki 20 inahitaji gari moja linaloweza kwenda kuichukua iliyokwama. Gari hilo lipo tangu zamani na jina lake ni singo kebini. Tatizo lake ni kwamba lina viti vya watu wawili au watatu tu, na bosi hapendi kubanana na dereva na boksi la mbegu.

Wala tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Huko Marekani, ambako kubeba pikipiki za porini nyuma ya pikapu ni starehe ya wikiendi ya watu wengi, Ford F-150 yenye milango minne huuzwa sana ikiwa na nyuma ya futi 5 na nusu, yaani mita 1.7 hivi. Mtu ananunua lipikapu linaloziba njia nzima, anafunga shata ya bei mbaya, kisha anagundua chombo chake cha magurudumu manne hakikai humo mlango ukafungwa. Anafanyaje? Ananunua tela, analivuta nyuma ya gari ambalo kazi yake ilikuwa kubeba. Tofauti ni kwamba yeye anacheza na fedha zake, na asipopata njia ya kubeba, kinachoharibika ni Jumamosi yake.

Wapo watakaosema nadai watu warudi kwenye ufukara, kwamba gari moja haliwezi kuwa la kazi na la heshima. Historia inawakatalia. Mwaka 1934 kiwanda cha Ford huko Geelong, Australia, kilianza kuunda gari ambalo, kwa simulizi wanayopenda kuirudia, liliombwa na mke wa mkulima: limpeleke kanisani Jumapili bila kulowa, na Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Heshima na kazi vilikuwa kwenye bodi moja tangu mwanzo. Mama yule hakuomba nguruwe wapunguzwe ili kanisa lipate nafasi. Sisi ndio tuliokubali biashara hiyo: kila kebini ilipoongezwa kiti, mzigo ulikatwa urefu, na mwishowe mzigo uliobaki ukafunikwa usionekane.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Wezi wapo. Ukiwa kwenye foleni ya jioni, Dar es Salaam au Nairobi, kitu kilichoachwa wazi nyuma kinaweza kuondoka kabla taa haijawaka kijani. Mvua nayo ipo, na vumbi. Fundi anayezunguka na zana za mamilioni ana haki ya kuzifungia, na simkatazi mtu aliyenunua gari kwa jasho lake kulifunga hata pazia. Lakini zana hukaa vizuri kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa nati upande mmoja, na nafasi iliyobaki ikabaki nafasi. Mvua huzuiwa na turubai na kamba, vitu ambavyo kila duka la vifaa linauza na kila utingo anajua kuvifunga. Turubai lina sifa moja ambayo shata haina: mzigo ukiwa mrefu, linaurefukia; mzigo ukiwa haupo, linakunjwa linawekwa chini ya kiti. Shata inautaka mzigo uwe na umbo lake.

Na umbo hilo ni la nani? Fungua shata za dabo kebini zilizoegeshwa nje ya hoteli penye semina. Utakuta tairi la akiba, katoni za maji, mabango ya mradi, pengine kapeti. Kapeti, nyuma ya pikapu! Hicho ndicho kipimo changu cha mwisho. Gari lenye kapeti mahali pa mzigo limeshatangaza kuwa halitarajii kuchafuka, na anayelimiliki hatarajii kuombwa. Kwetu pikapu inayopita wazi huombwa: pakia hili gunia, nifikishie mgonjwa wangu njia panda, nichukulie na hii pikipiki mpaka kwa fundi. Kuombwa huko kunachosha, nakubali. Lakini ofisi ya umma isiyotaka kuombwa na umma ifunge milango yote basi, isianzie na wa nyuma.

Sidai miujiza. Nadai kwamba kila ofisi inayogawa pikipiki kwa watumishi wake iwe na walau pikapu moja yenye nyuma ya zaidi ya mita 2, wazi, yenye ndoano za kamba, na ndani yake pawe na ubao, turubai na mikanda minne ya kukazia. Si vitu vya ndotoni. Mwishoni mwa 2023 Toyota ilizindua Thailand pikapu inayoitwa Hilux Champ, bodi bapa isiyo na madoido, mnunuzi akamilishe mwenyewe kulingana na kazi yake. Watengenezaji wanajua kutengeneza gari linalobeba. Wanasubiri mnunuzi anayelitaka, na serikali zetu ni wanunuzi wakubwa kuliko mimi na wewe.

Nawe kijana unayejaza fomu ya mkopo wa gari, au uliyeteuliwa juzi kwenye kamati ya manunuzi na unaletewa katalogi yenye picha ya pikapu kwenye matope, kuna kitu kimoja naomba ufanye kabla ya kusaini. Itazame tena ile picha: pikipiki ikiwa nyuma, shata haipo. Kisha nenda yadi na futi kamba. Pima kutoka ukuta wa kebini mpaka mlango wa nyuma, mlango ukiwa umefungwa na kisanduku cha shata kikiwa mahali pake. Muuzaji atakuuliza unatafuta nini. Mwambie mita 2. Asipokuwa nazo, mshukuru, funga futi kamba yako, uende yadi ya pili.