Tuwafundishe Watoto Kutafuta Hitilafu

Maoni yetu ni kwamba somo la sayansi katika shule za msingi lafundisha sana jinsi vitu vinavyofanya kazi, na ni nadra lifundishe jinsi vinavyoacha kufanya kazi. Mtoto wa darasa la tano huchora saketi yenye betri, swichi na glopu, akaandika majina, akapata alama zake zote. Mpe tochi isiyowaka: ataitikisa, ataipiga kiganjani, kisha ataomba betri mpya. Hajafundishwa kuihoji tochi kwa mpango.

Wanachuo watakaopangiwa shule za Karagwe na Kyerwa wataona kuwa upungufu huu una gharama yake. Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na yenye makao yake Rubwera, ni nchi ya bati. Madini hayo yamechimbwa huko tangu enzi za utawala wa Waingereza. Machimbo na barabara huhitaji mitambo ya kuchimbia, ambayo mafundi huiita eskaveta na wananchi wengi huiita katapila tu. Mingi kati ya hiyo hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo, mathalani Japani. Tena mtambo wa siku hizi si chuma na mafuta peke yake. Injini ina kompyuta yake, pampu ya haidroli ina yake, na kioo cha taarifa kilicho mbele ya dereva kina yake. Nazo hupashana habari bila kukoma. Mazungumzo hayo yakikatika, mtambo wenye injini nzima kabisa husimama.

Yafaa mwalimu ajue mazungumzo hayo yanavyokwenda, kwa kuwa yamejaa hesabu za shule ya msingi. Hupita katika nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba, kwa utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Kukiwa kimya, kila waya una volti 2.5 hivi. Kompyuta inaposema, waya mmoja hupanda kufikia volti 3.5 na mwenzake hushuka kufikia 1.5. Wasikilizaji hawatazami kiasi cha waya mmoja. Hutazama tofauti, yaani 2. Umeme wa kelele ukiziongezea nyaya zote mbili volti 1, twapata 4.5 kutoa 2.5, na jibu ni 2 lile lile. Ni mifano mingapi ya kutoa desimali iliyomo vitabuni mwetu yenye kazi ya maana namna hii?

Kila mwisho wa nyaya hizo pana kikinza cha omu 120. Fundi huzima umeme wa mtambo, kisha hupima ukinzani kati ya nyaya mbili. Njia zikiwa mbili sambamba, hujumlisha sehemu: 1/120 na 1/120 ni 2/120, yaani 1/60, basi mita yapaswa kuonyesha omu 60. Ikionyesha 120, kikinza kimoja hakifikiwi: waya umekatika au plagi imeachia. Ikionyesha 40, kuna mtu aliyeongeza kikinza cha tatu. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana.

Sasa tuchukue mtambo uliosimama, na kioo chake kinatangaza kwamba kompyuta ya injini haisikiki, ya pampu haisikiki, na makosa mengine matatu chini yake. Fundi aliyekariri husoma mstari wa kwanza na kumwambia mwenye mtambo anunue kompyuta ya injini. Huagizwa mbali, fedha nyingi hutoka, na mtambo haunguruma. Fundi aliyefundishwa kufikiri hujiuliza kwanza: vitu viwili vilivyonyamaza siku moja vinashiriki nini? Hupima, akapata 120. Hapo hafungui plagi zote ovyo. Huachanisha nyaya katikati na kupima kila upande. Upande unaotoa 120 ni mzima, upande mwingine ndio wenye kasoro. Huo nao huugawa nusu. Kama nyaya zina vipande 8 kati ya plagi na plagi, vipimo 3 vyatosha: hubaki 4, halafu 2, halafu 1. Aghalabu mwisho wa safari ni plagi iliyoingia maji ikaota kutu, au waya uliosuguliwa na chuma kwa mtikisiko wa miaka.

Mwalimu Nyerere, katika *Elimu ya Kujitegemea* ya Machi 1967, aliilaumu elimu inayowafanya vijana waamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Twathubutu kusema lawama hiyo bado yatuhusu.

(Na sisi walimu tu mafundi. Mwanafunzi akishindwa hesabu za mafumbo, sayansi na uraia katika muhula mmoja, tusimkemee mara tatu. Tumsomee swali lile lile kwa mdomo. Akijibu vizuri, kilichokatika ni kusoma.)

Wenzetu wengine husema kazi hii ni ya vyuo vya ufundi, na kwamba mitihani ya kuchagua jibu haiipimi. La pili ni kweli, nalo latusikitisha. La kwanza hatulikubali. Chuo cha ufundi humfundisha kijana kushika mita. Mazoea ya kuuliza kabla ya kufungua hujengwa mapema zaidi, na kijana asiyekuwa nayo hata akipewa mita husoma namba bila kujua inakataa nini.

Somo lenyewe halina gharama kubwa. Chukua ubao, betri mbili za tochi, glopu moja na vipande 8 vya waya vilivyounganishwa kwa misumari. Kipande kimoja kikatwe ndani, ganda la nje libaki zima. Kundi la watoto litafute kwa majaribio 3, likiruka sehemu ya njia kwa waya mwingine ulio mzima. Kabla ya kila jaribio waandike wanashuku wapi, na ni jambo gani likitokea watakubali kwamba walishuku pasipo. Mwalimu asahihishe maandishi hayo, wala asitoe alama zote kwa glopu kuwaka. Kundi lililobahatisha nalo huwasha glopu. Darasa la watoto themanini huhitaji mbao kumi, na kipande kibovu kihamishwe kila baada ya mzunguko, maana watoto hupashana habari upesi kuliko kompyuta za eskaveta. Umeme wa nyumbani usitumike kamwe katika zoezi hili, na kuutazama mtambo kazini kuwe kwa mbali, nje ya mzunguko wa mkono wake.