Tahariri: Nani alisema wasomaji hawataki mpira wa wanawake?

Jumamosi tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2024, mjini El Jadida nchini Morocco, wanawake wa TP Mazembe walishinda AS FAR bao 1-0 na kuchukua kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Bao lilifungwa na Marlène Kasaj. AS FAR ni timu ya jeshi la Morocco, ilikuwa inacheza nyumbani, na kombe hilo ilikwisha kulichukua mwaka wa 2022. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya wanawake ya Congo iliyowahi kulishika. Majuma matatu baadaye, mjini Marrakech, shirikisho la kabumbu la Afrika, CAF, liliitangaza Mazembe kuwa klabu bora ya wanawake ya mwaka, na kocha wake, Mmorocco Lamia Boumehdi, kuwa kocha bora.

Sasa fanya jaribio dogo. Simama Birere mjini Goma, au Kadutu mjini Bukavu, uulize motari yeyote akutajie kikosi cha Real Madrid. Atakutajia hadi wale wa akiba, na atakuambia nani ana jeraha. Kisha mwombe ataje wachezaji watatu wa ile Mazembe ya El Jadida. Wengi watanyamaza. Wengine watakuuliza: "Kumbe Mazembe iko na wanawake?"

Katika vyumba vingi vya habari, kimya hicho kina maelezo yaliyo tayari: wasomaji hawapendi. Mhariri anafungua tarakimu za ukurasa, anaonyesha habari ya Barcelona iliyofunguliwa na watu wengi na habari ya ligi ya wanawake iliyofunguliwa na wachache, na mjadala unakwisha hapo. Tarakimu hazidanganyi, wanasema.

Ni kweli hazidanganyi, lakini zinajibu tu swali lililoulizwa. Zinasema watu walifungua nini kati ya vitu walivyowekewa. Habari ya Barcelona iliwekwa juu kabisa, na picha kubwa, saa za jioni watu wanapotoka kazini, baada ya juma zima la kuzungumzia mchuano huo redioni. Habari ya wanawake iliwekwa chini, mistari sita, siku mbili baada ya mechi, bila picha, mara nyingi hata bila jina la aliyefunga. Mama anayeficha sambaza zake chini ya meza hawezi kurudi nyumbani jioni akisema watu wa Bukavu wameacha kula sambaza.

Ni vizuri kuangalia kwa makini hamu ya msomaji inatoka wapi. Mtu anayesoma juu ya mchuano wa Mazembe ya wanaume na AS Vita Club hasomi dakika 90 peke yake. Anajua nani alishinda mara iliyopita, kocha gani yuko karibu kufukuzwa, mchezaji gani aliondoka kwa ugomvi, na ni nani atakayefuata kucheza nao. Ni kama hadithi inayosimuliwa kila jioni: ukikosa siku moja, kesho unauliza jirani. Mpira wa wanawake unasimuliwa kwa kurukaruka. Leo timu imeshinda kombe, kisha kimya cha miezi minane, kisha timu ya taifa imefungwa. Nani anaweza kupenda hadithi ambayo kila mara anaingia katikati na hajui jina la mtu hata mmoja?

Tuseme pia jambo ambalo watu wa michezo hawalisemi kwa sauti: sehemu ya hamu hiyo ni pari. Kijana anayetafuta habari ya timu ya daraja la pili ya Ureno saa tano za usiku hatafuti uzuri wa mpira. Ana tiketi mfukoni. Tukimhesabu kuwa ushahidi kwamba "wasomaji wanapenda mpira wa Ureno", tunajidanganya kwa hiari yetu.

Mfano wa karibu zaidi uko katika historia yetu wenyewe. Mwaka wa 1974, Zaïre ilikwenda kwenye Kombe la Dunia nchini Ujerumani ya Magharibi. Ilifungwa michuano yote mitatu: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Mabao 14 ya kufungwa, bao hata moja la kufunga hakuna. Na bado, zaidi ya miaka 50 baadaye, mtoto aliyezaliwa juzi anajua jina la Mwepu Ilunga na ule mpira alioupiga kutoka kwenye ukuta kabla Brazil hawajapiga frikiki yao. Tumeambiwa na wazazi, redio imerudia, magazeti ya Ulaya yamerudia, kila Kombe la Dunia likija mtu anaitoa tena picha ile.

Mwaka wa 1998, wanawake wa RDC walikwenda kwenye Kombe la Afrika nchini Nigeria na wakarudi na nafasi ya tatu, mbele ya Cameroon, kwa mikwaju ya penalti. Nafasi ya tatu ya Afrika! Jina la mlinda lango wa siku ile, nani analijua? Wanawake hao ni mama wa leo, wako katika mitaa yetu. Hawakusahauliwa kwa sababu raia walisoma habari zao wakachoka nazo. Habari zenyewe hazikuandikwa vya kutosha ili mtu apate kuchoka.

Wanaosema ni tabia ya asili, kwamba mpira wa wanawake hauvuti watu tangu zamani, waulizwe juu ya Uingereza. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1920, watu 53.000 walijaa uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kutazama timu ya wanawake waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda, Dick, Kerr Ladies. Hakukuwa na televisheni wala tangazo la simu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 1921, shirikisho la mpira la Uingereza lilikataza wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake, na katazo hilo likakaa karibu miaka 50. Watu walikuwepo. Waliondolewa uwanja, na vizazi vilivyofuata vikaambiwa kwamba hapakuwa na watu.

Karibu na sisi zaidi kuna Morocco. Mwezi wa saba 2022, mjini Rabat, nusu fainali ya Kombe la Afrika la wanawake kati ya Morocco na Nigeria ilitazamwa uwanjani na watu 45.562. Wamorocco hawakuzaliwa wakipenda mpira wa wanawake kuliko sisi. Nchi yao ilianza ligi ya kulipwa ya wanawake mwaka wa 2020, televisheni ikaonyesha michuano, majina yakajulikana. UNESCO imekuwa ikitaja kwamba wanawake ni asilimia 40 ya wanamichezo wote duniani lakini wanapata asilimia 4 tu ya habari za michezo. Ukiwa na asilimia 4 ya meza, usishangae kukuta wachache wamekula kwako.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu wahariri peke yao kana kwamba wana chuki. Vyombo vyetu vingi ni vidogo. Mwandishi mmoja anafuata usalama asubuhi, bei ya unga mchana, michezo jioni. Matangazo ya biashara yanafuata idadi ya watu wanaofungua habari, na mishahara inafuata matangazo, ikija. Ratiba ya ligi ya wanawake inatoka kwa kuchelewa au inabadilika usiku wa kuamkia mechi. Ukitafuta orodha ya wachezaji, unapewa karatasi yenye majina ya kwanza tu. Kuandika habari ya wanaume ni rahisi kwa sababu nusu ya kazi imefanywa na wengine kabla yako.

Na kuna coupage. Kila mwandishi wa Congo analijua neno hili: pesa ya usafiri ambayo mwenye tukio anampatia mwandishi ili afike na aandike. Sheria ya kazi yetu inakataza, mshahara mdogo unaruhusu. Klabu kubwa ya wanaume ina bajeti ya hiyo. Timu ya wasichana ambayo kocha wake ananunua maji ya wachezaji kwa pesa yake haina. Kwa hiyo habari ya kwanza inaandikwa na ya pili haiandikwi, na mwisho wa mwezi mtu anafungua tarakimu na kusema wasomaji wamechagua. Msomaji hakuulizwa neno lolote. Kwa maoni yangu hiki ni kizuizi kikubwa kuliko dharau, na hakizungumzwi kwa sababu kinatugusa wenyewe mfukoni.

Matokeo yake yanaonekana kwa wachezaji. Mwanzoni mwa 2025, Merveille Kanjinga aliondoka Mazembe akaenda Paris Saint-Germain. Alikuwa amecheza mbele ya kamera za Afrika nzima, jina lake liliandikwa, mtu wa Paris aliweza kumtafuta na kumwona. Msichana anayefunga mabao Uvira au Butembo hana hata karatasi moja ya gazeti. Mtu wa klabu akiandika jina lake kwenye simu hapati kitu: hana tarehe, hana mabao, hana picha. Mfadhili naye anauliza ushahidi kabla ya kutoa viatu. Na baba ambaye bado anasita kumruhusu binti yake kwenda mazoezini saa kumi za mchana, jina la mtoto likisomwa redioni, mara nyingi anapunguza ukali. Mistari kumi ya habari inaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea na kuacha.

Mwezi wa saba 2025 timu ya taifa ilirudi kwenye Kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu 2012. Ilifungwa 4-0 na Senegal, 4-2 na Morocco, 1-0 na Zambia, ikarudi nyumbani. Habari kama hiyo mara nyingi inaishia kwenye matokeo, na neno la dhihaka juu yake. Lakini angalia swali lililokuwa limelala pale: nchi ambayo klabu yake ilikuwa bingwa wa Afrika miezi minane kabla, inakuwaje timu yake ya taifa inapoteza michuano mitatu mfululizo? Walikaa kambini siku ngapi? Walicheza michuano mingapi ya kujipima? Ligi ya nyumbani iliwapa mechi ngapi mwaka huo, ukitoa zile za Mazembe? Swali hilo moja lilitosha kwa makala matatu, na ninaamini yangesomwa, kwa kuwa Mcongomani anapenda kuelewa kwa nini tunafungwa. Tazama anavyoijadili timu ya wanaume ikipoteza: mjadala unafika mpaka kwa waziri.

Na si mpira wa miguu tu. Wanawake wetu wa mpira wa mikono walikwenda kwenye Kombe la Dunia la 2013 nchini Serbia na la 2019 nchini Japani. Andika hilo, na kuna mtu atakayekuambia umelibuni.

Msomaji mmoja atasema: vita viko mlangoni, watu wamekimbia makwao, na nyinyi mnatuletea hesabu za mpira wa wasichana. Swali lake ni la haki. Lakini mwaka wa 2025, Goma na Bukavu zilipobadilisha mikono, kurasa za michezo hazikufungwa. Ziliendelea na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kila Jumanne na Jumatano, na watu walizisoma, kwa kuwa mtu aliyekaa nyumbani bila kazi na bila benki anahitaji pia kitu cha kuzungumza na jirani. Kama kuna nafasi ya Liverpool katika siku kama hizo, nafasi ya timu ya Lubumbashi ipo.

Kuanzia juma lijalo ukurasa huu utaweka matokeo ya wanawake mahali pale pale panapowekwa ya wanaume, siku ile ile, na majina kamili ya waliofunga, msimamo wa ligi, na tarehe ya mchuano unaofuata. Tutafanya hivyo msimu mzima kabla ya kufungua tarakimu na kuhesabu nani amesoma. Kwa shirikisho la FECOFA na kwa majimbo, tunaomba kitu kimoja: ratiba ya ligi ya wanawake itoke kabla ya msimu, iwe na saa na uwanja.

Na wewe unayefundisha timu ya wasichana Bunia, Beni, Butembo, Uvira, Kalemie au mtaani kwako: usingoje mwandishi afike. Baada ya mechi tuma uwanja, matokeo, nani alifunga na dakika ya ngapi, na majina ya wote 11 yakiwa kamili. Picha ya simu inatosha, hata kama nyasi hakuna na goli halina wavu.