Manukato "Makali" ni Yapi? Tusihukumiane kwa Pua



Leo tunawaandikia kutoka Mkonze, Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Iringa. Huku tupo wanawake wa visiwani tulioletwa bara na kazi zetu au za waume zetu, na kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana kwa darasa nyumbani kwa mmoja wetu. Mada yetu ni manukato, aina zake na nguvu zake, na tunaianza kwa kosa letu wenyewe.

Miezi michache nyuma alikuja darasani binti mmoja wa Kondoa, mke mpya mtaani kwetu. Alipoingia tu, harufu ya pafyumu yake ilijaa chumba. Bi mkubwa mmoja akamwambia mbele ya watu kuwa mwanamke wa Kiislamu hatoki nyumbani na manukato makali namna ile. Binti akainamisha kichwa mpaka darasa likaisha, akaondoka, na kwa wiki 5 hatukumwona tena.

Tulipomfuata kwake kumjulia hali, akatoa chupa kabatini akatuonesha. Imeandikwa Eau de Toilette. Muuza duka ndiye aliyemwambia kuwa kati ya zote zilizokuwepo hiyo ni nyepesi, naye akaichukua kwa sababu hiyo hiyo. Hakutaka kunukia sana njiani.

Na sisi je? Siku ile baibui zetu zilikuwa zimefukizwa udi tangu usiku. Bi mkubwa mwenyewe alikuwa amejipaka mafuta mazuri ya udi, ambayo tone lake moja lina manukato mengi kuliko tone la chupa ile. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu harufu hiyo ni ya kwetu na pua zetu zimeizoea.

Ndiyo maana tunasema: tusimhukumu mwenzetu kwa jambo ambalo wenyewe hatulijui vizuri. Tulijue kwanza.

Neno moja, mambo matatu

Tukisema pafyumu ni "kali" huwa tunachanganya mambo matatu: wingi wa manukato yaliyomo ndani ya chupa, muda yanaokaa mwilini, na umbali ambao harufu inafika. Mambo haya hayaendi pamoja siku zote.

Pafyumu ya kupulizia ni mafuta ya manukato yaliyochanganywa na spiriti, na mara nyingi maji kidogo. Spiriti hukauka upesi, na inapokauka huirusha harufu hewani. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo harufu inaposikika mbali zaidi, kisha inatulia. Binti yule alijipulizia mlangoni, juu ya baibui, akapanda bajaji, akaingia chumba kidogo chenye watu wengi. Tulimkuta kwenye dakika zile za mwanzo.

Mafuta mazuri hayana spiriti ya kuyarusha. Yanakaa juu ya ngozi na kupanda taratibu kwa joto la mwili. Kwa hiyo inawezekana kabisa yenye manukato mengi yakasikika na aliyekukumbatia tu, na ile nyepesi ikajaza daladala nzima kwa robo saa.

Maandishi ya kwenye chupa

Haya ndiyo majina mtakayoyakuta dukani, kuanzia nyepesi:

- Zile za kujipulizia mwili mzima baada ya kuoga, na zilizoandikwa *Eau Fraîche*: manukato asilimia 1 hadi 3. Saa moja au mbili zimekwisha.
- *Eau de Cologne*: asilimia 2 hadi 5. Jina ni la mji wa Cologne, Ujerumani, ambako familia ya Farina ilianzisha biashara yake mwaka 1709. Hukaa kama saa 2.
- *Eau de Toilette*: asilimia 5 hadi 15. Hukaa saa 3 hadi 5.
- *Eau de Parfum*: asilimia 15 hadi 20. Hukaa saa 5 hadi 8.
- *Parfum* au *Extrait de Parfum*: asilimia 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Chupa huwa ndogo na bei kubwa. Tone moja au mawili yanatosha siku nzima.
- Mafuta mazuri: hayana spiriti. Mengine ni safi, mengine yamezimuliwa kwa mafuta yasiyo na harufu, kwa hiyo kuitwa "mafuta" peke yake si dhamana.

Asilimia hizi ni mazoea ya biashara, kila mtengenezaji ana kipimo chake. Eau de Toilette ya huyu inaweza kuzidi Eau de Parfum ya yule. Halafu kuna kilichomo ndani. Harufu za ndimu na chungwa huruka mapema. Waridi na asumini hukaa katikati. Udi, msandali, ambari na miski ndizo zinazobaki mpaka jioni. Kwa hiyo ukienda Majengo sokoni kununua, pulizia mkononi, zunguka ununue mboga zako, rudi baada ya nusu saa ndipo utoe pesa. Harufu ya dakika ya kwanza siyo utakayoishi nayo.

Dodoma si Unguja

Wageni kutoka visiwani wakifika huku hulalamika kuwa wameuziwa pafyumu feki: asubuhi wamejipulizia, adhuhuri hakuna kitu. Mara nyingi chupa haina kosa. Nyumbani hewa ina unyevu na ngozi ina jasho. Hapa tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja, takriban Disemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu, upepo na vumbi. Ngozi kavu haishiki manukato. Jipake kwanza mafuta ya kawaida yasiyo na harufu, au Vaseline kidogo kwenye viungo vya mikono na nyuma ya masikio, ndipo uweke manukato juu yake. Na chupa isikae dirishani, jua linaiharibu.

Jambo moja la kuangalia: pua huzoea. Baada ya muda mwenyewe husikii tena harufu yako, lakini aliyekaa jirani anaisikia. Wengi wetu tunaongeza mara ya pili na ya tatu kwa sababu hiyo, na yule wa pembeni ndiye anayeumia. Darasani kwetu kuna mwenzetu mwenye pumu. Kwa muda mrefu alikuwa akikaa dirishani, nasi tukidhani anapenda upepo.

Na dini yetu je?

Manukato si jambo baya katika Uislamu. Mtume wetu (S.A.W) aliyapenda, na tumefundishwa kuwa akipewa hakuyakataa. Wakati huo huo yapo mafundisho yanayomkataza mwanamke kutoka na kupita mbele ya wanaume ili wasikie harufu yake, na yanayomtaka aliyejifukiza asiende msikitini katika hali hiyo. Hatuyapunguzi wala hatuyaoneshi haya. Bi mkubwa hakukosea kuyakumbusha.

Ila tazameni mafundisho hayo yanagusa nini. Yanagusa harufu inayomfikia mtu wa nje. Asilimia hayazitaji, wala hayatofautishi chupa ya dukani na chetezo cha nyumbani. Bakhuri imetajwa wazi, na udi wetu ndiyo bakhuri yenyewe. Basi kama tunalisimamia jambo hili, tulisimamie kwa baibui zetu kabla ya kwa chupa ya binti wa Kondoa.

Kuhusu spiriti, wapo maulamaa wasioona tatizo kwa kuwa si kinywaji, na wapo wanaoiepuka, khasa kwenye nguo ya sala. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, au atumie mafuta mazuri astarehe na moyo wake. Lakini asimpimie mwenzake imani kwa rai aliyoichagua yeye.

Na katika dini hii hii, aliyekula kitunguu au thomu mbichi ametakiwa asisogelee msikiti, ili asiwaudhi wenzake. Kumwudhi mwenzio kwa harufu ni kosa. Kumwudhi kwa ulimi mbele ya watu hakuwezi kuwa dawa yake.

Bibi zetu walilijua

Tukikumbuka shughuli za kwetu Unguja na Pemba, manukato yalikuwa yakitolewa ndani. Mgeni anafika, anakaa, mwenye nyumba anapitisha mrashi wenye marashi ya waridi, chetezo kinazunguka, kikuba cha asumini na rehani kinavaliwa huko huko. Asumini za usiku zilimwagwa kitandani, si barabarani. Kunukia kulikuwa na mahali pake, na aliyekuhakikishia unukie alikuwa mwenyeji wako. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya harufu.

Tumeamua kulirudisha hilo hapa Mkonze kwa namna yetu. Kila mmoja anakuja darasani bila manukato, baibui imefuliwa na kuanikwa tu. Mwenyeji wa siku hiyo anaweka kichupa cha mafuta mazuri mlangoni, na anayetaka anajipaka tone moja kiganjani. Udi haufukizwi mpaka mwenzetu mwenye pumu awe ameondoka. Na wa ofisini miongoni mwetu tumekubaliana: Eau de Toilette kidogo, chini ya nguo, nusu saa kabla ya kutoka, ili zile dakika za kuruka ziishie nyumbani. Eau de Parfum na udi tunamwekea mume na shughuli za wanawake watupu.

Anayeona mwenzake amezidisha amwite pembeni. Amuulize kwanza ametumia nini na kwa nini. Pengine atajibiwa kama tulivyojibiwa sisi, kuwa amechagua nyepesi kuliko zote.

Bi mkubwa alikwenda mwenyewe kumwomba radhi binti. Alhamdulillah amerudi, amekuja Jumamosi 3 sasa. Bado anakaa karibu na mlango. Wiki hii zamu ya kuwa mwenyeji ni yake, na kichupa cha mafuta kitakuwa mkononi mwake.

Allah atujaalie tunukie kwa tabia kabla ya nguo. Aamin.

Wassalaam.