Macho Yaliyoinamishwa si Ushahidi

Fedha za darasa zimepotea. Mwalimu huwapanga wanafunzi mstari mmoja, hupita mbele yao akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, na amfikiapo yule anayeinamisha macho, husimama. Upelelezi umekwisha. Tukio la namna hii si geni katika shule za Afrika Mashariki, na hukumu itolewayo hapo hujengwa juu ya imani ambayo ni wachache waliopata kuihoji: kwamba mwenye hatia hawezi kumtazama mtu machoni.

Imani hiyo imeenea ulimwenguni. Mwaka 2006 watafiti wa mataifa mbalimbali walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi zaidi ya 50, ambamo watu waliulizwa jinsi wanavyomtambua mwongo. Jibu lililotolewa kuliko yote lilikuwa kwamba mwongo hukwepesha macho. Ilhali mwaka 2003 Bella DePaulo na wenzake walikuwa wamekwisha kukusanya tafiti nyingi zilizopima waongo walivyotenda hasa, wala si walivyodhaniwa kutenda, nao hawakuona kwamba kukwepesha macho ni dalili ya kutegemewa. Mwaka huohuo wa 2006, Charles Bond na DePaulo walijumlisha hukumu za watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kuwatenga wakweli na waongo pasipo chombo chochote cha kuwasaidia. Walipatia mara 54 katika kila 100. Mwenye kurusha sarafu angepatia mara 50.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki jambo hili lina ubaya wa ziada. Mtoto anayekemewa na mkubwa hufunzwa kuinamisha macho. Kumkodolea mzee macho wakati anasema ni utovu wa adabu. Mtoto huyohuyo afikapo shuleni huamriwa, "Nitazame ninaposema nawe!" Akitii huenda akaitwa jeuri, na asipotii ni mwizi. Kwa hiyo aliyelelewa vizuri nyumbani ndiye aliye hatarini zaidi katika mstari ule. Tena, hofu ya kuadhibiwa bure haitofautiani usoni na hofu ya kugunduliwa. Paul Ekman, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alilipa kosa hili jina la Othello, yule wa tamthilia ya Shakespeare aliyeiona hofu ya mkewe Desdemona akaihesabu kuwa ni ushahidi wa uzinzi. Fedha zilizopotea hutafutwa kwa kuuliza ni nani aliyekuwa na ufunguo na ni nani aliyeingia darasani wakati wa mapumziko. Kazi hiyo huchosha, lakini haina badala.

Si kwamba mwili ni bubu. Kiswahili chenyewe kimeyapa matendo yake majina yanayojitosheleza: kukonyeza, kusonya, kununa, kubetua midomo. Asonyaye hahitaji kuongeza neno. Ekman naye, alipokwenda kwa Wafore wa nyanda za juu za Papua New Guinea mwaka 1967 na 1968, aliona kwamba watu ambao hawakuwa wamezoea sinema wala magazeti waliweza kuzilinganisha picha za nyuso za wageni na hadithi za furaha, huzuni au hasira. Lakini hata hapo tahadhari yahitajika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vijana wa visiwa vya Trobriand, katika nchi hiyohiyo, waliuona uso wa macho yaliyotumbuliwa na mdomo ulioachwa wazi kuwa ni uso wa mtu anayetisha, ambapo Wazungu huuona kuwa ni wa mtu aliyeogopa.

Kinachoharibu mafunzo juu ya mambo haya ni ile hesabu inayorudiwa katika semina, kwamba asilimia 93 ya mawasiliano hupitia nje ya maneno. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio mawili ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Wasikilizaji walisomewa neno mojamoja kwa sauti tofauti, au wakaonyeshwa picha ya uso pamoja na neno hilo, kisha wakakisia kama msemaji anapendezwa au anachukizwa. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba hesabu yake yahusu hisia za namna hiyo tu. Anayeshikilia kwamba ni kanuni ya mazungumzo yote na ajaribu kufundisha Kanuni ya Ohm kwa kukunja uso na kutikisa kichwa.

Hata hivyo, mwili wa mwanafunzi una habari ya kumpa mwalimu, nayo yapatikana mikononi kuliko machoni. Mwaka 1986 Breckinridge Church na Susan Goldin-Meadow walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa miaka 5 hadi 8 waliopewa lile jaribio maarufu la Jean Piaget: maji ya bilauri ndefu nyembamba humiminwa katika chombo kifupi kipana, kisha mtoto huulizwa kama kiasi ni kilekile. Wengi walisema maji yamepungua kwa kuwa chombo cha pili ni kifupi. Lakini baadhi yao, huku midomo ikitaja urefu, mikono yao ilionyesha upana. Mikono ilikuwa imekwisha kuona jambo ambalo ulimi haujalipata. Walipofundishwa, hao ndio walionufaika zaidi kuliko wenzao ambao maneno na mikono yao vilikubaliana. Aidha, mwaka 1998 Jana Iverson na Goldin-Meadow walionyesha kwamba hata waliozaliwa vipofu hutumia mikono wanapozungumza na vipofu wenzao. Basi ishara hizo humsaidia msemaji mwenyewe kufikiri, hata pasipo mtu wa kuziona.

Katika shule nyingi mwanafunzi anayejibu swali bado huamriwa asimame wima, mikono nyuma. Amri hiyo yafaa kwa gwaride. Kwa somo la hesabu au fizikia yafaa ifutwe, na mwalimu asogee karibu aione mikono hiyo inachora nini hewani.