Mcheza Kwao Asipotuzwa

Wiki chache zilizopita mpwa wangu alinijia na simu yake mkononi, akataka nimtazamie jambo. Ndani ya simu ile palikuwa na ukumbi uliojaa vijana wa Kizungu, wanaume kwa wanawake, wakicheza kwa kasi ya ajabu, wakivutana na kuachana, miguu ikipepea kama ya kuku aliyekanyaga kaa la moto. Muziki ulikuwa wa tarumbeta na saksafoni. "Mjomba," akaniuliza, "hii dansi ya Wazungu inaitwaje?"

Nilimjibu kuwa dansi hiyo huitwa Lindy Hop, nayo si ya Wazungu. Hakuniamini. Simlaumu, kwa sababu katika picha zile zilizopigwa huko Uswidi sikuona mtu mweusi hata mmoja. Basi nikamwomba anitafutie kipande cha filamu ya Kimarekani iitwayo Hellzapoppin', iliyotolewa mwaka wa 1941. Humo wanatokea vijana wanane weusi kutoka Harlem, wamevaa nguo za wapishi, vijakazi na mafundi, na kwa dakika chache tu wanacheza mpaka mtazamaji anajishika kiti. Mpwa wangu alikirudia kipande hicho mara nne bila kusema neno.

Zile nguo za utumishi hazikuvaliwa kwa bahati mbaya. Siku hizo Hollywood haikuwa na nafasi nyingi za mtu mweusi ila utumishi. Tena sehemu za weusi zilipangwa kando ya hadithi yenyewe, ili filamu ikipelekwa majimbo ya kusini ziweze kukatwa pasipo kuiharibu. Yaani mtu wa kusini angeweza kulipa kiingilio, akacheka, akarudi kwake, asijue kamwe kwamba amenyimwa kitu bora kuliko vyote vilivyokuwamo.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo imenisumbua tangu siku ile, maana wapenzi wa dansi hii ulimwenguni wako katika mabishano makali: ni ya nani? Hasa tangu mwaka wa 2020, mwaka wa maandamano makubwa yaliyofuata mauaji ya George Floyd, wachezaji weusi wa Marekani wamekuwa wakisema waziwazi kwamba madarasa, kambi na mashindano ya dansi za swingi yamejaa watu wa Ulaya na Asia, kwamba wanaolipwa kufundisha ni wengine, na kwamba wao wenye asili yake huingia humo kama wageni. Wa upande wa pili hujibu kuwa bila wao dansi hiyo ingalikwisha kuzikwa. Kwa maoni yangu wote wana ukweli wao, lakini wote huianzia hadithi katikati. La kujiuliza kwanza ni hili: ilikuwaje ikawatoka wenyewe mikononi?

Machi 12, 1926, ukumbi wa Savoy ulifungua milango yake huko Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, kando ya barabara ya Lenox. Sehemu hiyo ya barabara siku hizi ina jina la pili, la Malcolm X. Hilo linafaa sana, kwani Malcolm, kabla ya kuwa mhubiri na kabla ya kufika Nairobi mwaka wa 1964, alikuwa kijana wa Lindy Hop katika kumbi za Boston. Savoy ulichukua nafasi ya kutoka mtaa wa 140 hadi wa 141. Ulikuwa na majukwaa mawili, ili bendi moja ikipumzika nyingine iudake muziki kabla jasho la watu halijakauka. Hatua chache kutoka hapo, katika barabara hiyo hiyo, palikuwa na klabu mashuhuri ya Cotton Club, ambako weusi walipiga muziki na kucheza jukwaani ilhali wageni wa mezani walikuwa Wazungu. Savoy aliyelipa kiingilio aliingia, awe mweusi au mweupe, na akiingia aliulizwa jambo moja tu, nalo ni kama anajua kucheza.

Dansi za Ulaya za wakati ule zilimtaka bwana amshike bibi tangu muziki unapoanza hadi unapokwisha. Vijana wa Harlem waliuvunja mshiko huo. Kwa hesabu ya nane, wawili huvutana, huzunguka, kisha huachana mpaka wanabaki kushikana mkono mmoja, na hapo kila mtu hupata nafasi ya kutia madoido yake mwenyewe kabla ya kurudiana. Muziki nao ulikwenda vivyo hivyo. Tarumbeta zilitoa neno, saksafoni zikajibu, kama kiongozi wa wimbo na waitikiaji wake. Atakayesema hii si ngoma ya Kiafrika iliyovaa suti, basi na atuambie ni kitu gani. Mwaka wa 1935, katika shindano humo humo Savoy, kijana aitwaye Frankie Manning alimbinua mwenzake Frieda Washington juu ya mgongo wake, naye akatua mbele yake kwa miguu miwili, sawasawa na pigo la ngoma. Kurushana hewani kulianza hapo.

Lakini pesa zilikwenda wapi? Mpiga ngoma Chick Webb, mtu mfupi mwenye kibiongo, ndiye aliyekuwa bwana wa jukwaa la Savoy. Mei 11, 1937, Benny Goodman, Mzungu aliyekwisha kuvikwa na magazeti taji la ufalme wa swingi, alikuja na bendi yake kushindana naye. Webb alimshinda mbele ya umati uliofurika hadi barabarani. Taji hata hivyo lilibaki kwa Goodman. Sisemi Goodman alikuwa mtu mbaya. Aliwaajiri weusi kama Teddy Wilson na Lionel Hampton wakati ambapo jambo hilo lilikuwa hatari, tena hakuficha kwamba mitindo mingi ya bendi yake aliinunua kwa Fletcher Henderson, mwanamuziki mweusi ambaye bendi yake mwenyewe ilikuwa taabani. Goodman alilipa bei ya mtindo, na faida ya kuwa mfalme haikuwamo katika bei hiyo.

Watu hupenda kusema muziki huu ulikufa kwa sababu vijana waliuchoka. Mimi sikubali. Uliuawa kidogo kidogo, na wauaji wanajulikana. Kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi santuri, na mgomo huo ukaendelea hadi mwaka wa 1944. Waimbaji hawakuhusika nao, kwa hiyo waliibuka wao na bendi zikafifia. Aprili 1943 wakuu waliufunga Savoy kwa madai kwamba askari walikuwa wakiambukizwa magonjwa ya zinaa humo. Wengi wa Harlem hawakudanganyika. Walijua kosa lenyewe ni mweusi na mweupe kucheza pamoja, na ukumbi ulifunguliwa tena Oktoba.

Kisha mwaka wa 1944 ikaja kodi. Klabu iliyouza vinywaji na kuwaruhusu watu kucheza au kuimba ilitozwa asilimia 30 ya malipo ya mteja. Mwaka huo huo kodi ikashushwa hadi asilimia 20, lakini haikufutwa kabisa mpaka 1965. Muziki wa ala tupu, wasikilizaji wakiwa wameketi, haukutozwa. Msomaji afikirie mwenyewe mwenye klabu alifanya nini. Aliongeza meza mahali pa kuchezea, akaita watu wanne au watano wapige muziki wa kusikilizwa. Mtoza kodi anaweza kuwabadilisha watu miguu kuliko mwalimu yeyote wa dansi.

Savoy wenyewe ulifungwa mwaka wa 1958, ukabomolewa, pakajengwa nyumba za kupangisha. Wakati huo Frankie Manning alikuwa posta. Alirudi kutoka vita vya Pasifiki, akaunda kikundi chake, akahangaika nacho, na mwaka wa 1955 akashika kazi ya posta, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini hivi. Mtu aliyebuni kurushana hewani aliamka kila siku akaenda kushughulikia barua za watu. Kwao hakuna aliyemtuza.

Waliokwenda kuwatafuta wazee hawa hawakuwa wa mtaani kwao. Mwaka wa 1984 Waswidi wachache walikwenda New York wakamkuta Al Minns, mmoja wa wale wanane wa filamu, wakamwalika Stockholm awafundishe. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka wa 1986 wachezaji wawili wa California walimtafuta Manning kwa simu. Alikuwa amepita miaka 70. Baada ya hapo mambo yalimfungukia kama mvua: Uswidi mwaka wa 1987, tuzo ya Tony mwaka wa 1989 kwa kazi yake katika onyesho la Black and Blue, filamu ya Malcolm X mwaka wa 1992. Kila mwaka katika kijiji kidogo cha Herräng, kaskazini ya Stockholm, watu kutoka pande nyingi za dunia hukutana kwenye kambi iliyoanzishwa mwaka wa 1982, na huko alienziwa kama mfalme. Alifariki Aprili 2009, ukibaki mwezi mmoja atimize miaka 95, na siku yake ya kuzaliwa, Mei 26, imefanywa siku ya Lindy Hop duniani.

Kwa hiyo nauliza, mwizi ni nani? Mswidi aliyevuka bahari akaketi miguuni pa mzee ajifunze, mimi siwezi kumwita mwizi. Lakini shukrani hailipi kodi ya nyumba. Mwalimu wa kambi hulipwa, mwenye kukodisha ukumbi hulipwa, na mjukuu wa Harlem akilazimika kununua tikiti ya ndege ili ajifunze dansi ya babu yake, hapo pana dosari ambayo maneno matamu hayawezi kuifunika. Wanaodai sasa walimu weusi waalikwe na walipwe wanadai haki yao.

Tena kuna uongo mmoja katika hadithi hii inavyosimuliwa Ulaya, kwamba weusi waliitupa dansi yao. Hawakuitupa. Kumbi zilipofungwa walicheza vyumbani na vichochoroni, wakazaa dansi nyingine, mpaka ile ya kuzunguka sakafuni ya Bronx iliyofika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024. Mcheza dansi LaTasha Barnes alilionyesha hilo mwaka wa 2021 katika onyesho lake The Jazz Continuum, akiziweka Lindy Hop na dansi za vijana wa leo katika jukwaa moja kama ndugu wa nyumba moja.

Nasi huku tusiwacheke. Neno dansi tulilipokea zamani, na jina la jazi tukalibandika kila mahali: Dar es Salaam Jazz Band miaka ya 1930, OK Jazz ya Kongo mwaka wa 1956. Nyingi ya bendi hizo hazikupiga jazi ya Harlem. Jina lilimaanisha usasa, na chini yake watu walitengeneza kitu chao. Katika mji nilikokulia palikuwa na ukumbi ambao sisi watoto tulichungulia madirishani Jumamosi usiku, tukiwatazama watu wazima waliovaa wakapendeza wakizunguka taratibu chini ya taa moja. Leo ni bohari la saruji. Sijapata kusikia mtu aliyeandika hatua zile.

Mpwa wangu aliponiuliza kama yuko aliye hai anayezijua, nilimwelekeza kwa mzee mmoja jirani yetu, ambaye hapo zamani hakukosa Jumamosi hata moja. Alikwenda, akarudi mapema. Mzee amemwambia aje tena wiki ijayo na viatu vya soli ya ngozi, kwa sababu raba hazitelezi.