Taa ya Breki Ising'olewe

Ndugu wafanyakazi, kuna desturi mbaya mashambani na viwandani: taa nyekundu ya breki ya mkono ikikataa kuzimika, balbu inang'olewa na gari linapelekwa kazini. Tunaipinga.

Mara nyingi kosa ni swichi ndogo chini ya mkono wa breki. Imekwama kwa vumbi, au waya wake umechubuka ukagusa bodi. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Lakini katika magari mengi taa hiyo hiyo huonya pia mafuta ya breki yakipungua. Kuing'oa ni kumfumba macho dereva, na nyuma wamepanda wenzetu.

Tunadai mafuta yakaguliwe kwanza, kisha swichi. Na dereva anayekataa gari bovu asikatwe mshahara.